Balozi na Watu wa Stockholm

Mtaani kwetu Old Korogwe tulikuwa na mabalozi wawili, na jambo hilo liliwasumbua wageni kuliko sisi wenyewe. Wa kwanza alikuwa balozi wa nyumba kumi, mama mmoja muuza vitenge, ambaye kazi yake ilikuwa kujua nani kahamia, nani kagombana na nani, na mbuzi wa nani kaingia shamba la nani. Wa pili ndiye ninayetaka kumsimulia. Huyo alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika ubalozi wetu nchi za nje, na alipostaafu akaja kununua nyumba iliyopakana na yangu, upande wa kuteremkia mtoni.

Watu wakamwita Balozi. Mwanzoni alikanusha. Aliniambia kwamba hakuwahi kuwa balozi hata siku moja, kwamba alikuwa afisa tu, mtu wa kupokea wageni uwanja wa ndege na kugonga mihuri, na kwamba balozi ni mtu anayeteuliwa na Rais. Nikawaeleza majirani. Wakasema wameelewa, na kesho yake wakaendelea kumwita Balozi.

Basi mgeni akielekezwa aende kwa balozi akajitambulishe, mara nyingi aliishia kwake. Hakuwarudisha. Aliwapa kiti, akawauliza habari za safari, akawapikia kahawa, kisha akavaa viatu na kuwasindikiza mwenyewe hadi kwa muuza vitenge. Pale aliwatambulisha kwa jina na kwa mahali walikotoka, ameinamisha kichwa kidogo, kana kwamba anamkabidhi waziri wageni wa taifa. Yule mama alidhani anafanyiwa dhihaka. Baadaye alizoea, hata ikawa akisikia Balozi yuko njiani na mgeni, anajifunga kitenge kipya.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilipakana naye ukuta kwa miaka mingi, nikala kwake, naye akala kwangu, lakini nikiulizwa alikuwa mtu wa namna gani nashindwa pa kuanzia. Kila ninaloanza kulisema, nakumbuka jingine linalolikataa.

Alikuwa mtu wa taratibu. Shati lake lilipigwa pasi siku zote, na alivaa viatu vya kufunga kamba hata kwenye matope ya masika. Akikuta watu wamejazana dirishani kwa muuza duka, alisimama nyuma yao kungoja zamu. Wengine walikuja wakampita, wakanunua, wakaondoka, na yeye bado amesimama. Muuza duka akimwita aseme anachotaka, alijibu kwamba zamu yake haijafika. Wapo waliomwona mstaarabu na wapo waliomwona punguani. Mimi nilimwona vyote viwili, kutegemea nina haraka kiasi gani.

Kwetu mtu akipita mlangoni pa mwenzake hupiga hodi hata kama hana shida. Yeye hakuwa hivyo. Akitaka kuja kwangu alinitumia ujumbe kwenye simu kuniuliza kama nina nafasi, na mimi niko uani, namwona juu ya ukuta wetu mfupi akiuandika ujumbe huohuo. Nilimjibu kwa sauti kwamba aje. Alisubiri kidogo, kisha akazunguka kwa mlango wa mbele.

Lakini msiba ukitokea, mtu huyohuyo alifika kabla ya wote na kuondoka baada ya wote. Alipanga viti, alibeba maji, alikunja mikono ya lile shati lake la pasi akasugua masufuria makubwa pamoja na vijana. Hakukosa mazishi ya mtu yeyote mtaani, Mwislamu au Mkristo, mwenye mali au mlevi wa kilabuni. Watu walimheshimu mno kwa hilo. Nami nilimheshimu, mpaka nilipokuja kusikia habari za mama yake.

Maneno yake hayakuwa mengi, lakini yalikaa. Alikuwa akisema, "Usimuulize mtu maswali mawili kwa pamoja, atajibu lile rahisi." Na jingine: "Mgeni akianza kusifia chai, ujue kaishiwa maneno. Mwache aende." Baada ya kulisikia hilo sikuthubutu tena kusifia kahawa yake, ingawa ilikuwa nzuri.

Sebuleni kwake hapakuwa na televisheni. Palikuwa na picha, za penseli na za rangi za maji, tangu usawa wa viti hadi karibu na dari, kuta zote. Alizichora mwenyewe Stockholm, mji wa Sweden alikokaa kuliko kwingine kokote, jioni akitoka kazini na siku za mapumziko. Nilipoingia mara ya kwanza nilitegemea kuona majumba ya wafalme. Hayakuwapo. Palikuwa na wanawake wawili wanaokunja shuka katika chumba cha kufulia kilichopo chini ya jengo la wapangaji. Palikuwa na mtu anayekwangua barafu kwenye kioo cha gari, pumzi yake inamtoka kama moshi. Palikuwa na mzee anayemfunga mbwa wake viatu. Palikuwa na vigari vya kusukumia watoto vimepangwa nje ya mgahawa, theluji inaanguka, watoto wamelala ndani yake, na mama zao wanaonekana kwa ndani ya kioo wakinywa kahawa. Na katikati ya ukuta mkubwa palikuwa na picha moja pana, ya watu waliokaa kwenye mabenchi barabarani, wamevaa makoti, wote wamefumba macho na kuelekeza nyuso juu.

Niliomba ruhusa ya kuwaleta wanafunzi wangu wa darasa la nne waone. Alifurahi, akafagia mpaka nje. Watoto walivua viatu, wakaingia kimya, wakajipanga mbele ya ile picha pana. Mmoja akauliza kama wale watu wamekufa. Balozi akaeleza kwamba kule jua hufichwa na mawingu kipindi kirefu cha mwaka, na siku linaporudi watu hutoka nje kulipokea. Mtoto akauliza mbona wanalipokea wamefumba macho. Balozi aliitazama picha yake muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Sijui," alisema. "Nilikaa nao, lakini sikuwauliza."

Kwenye picha ya vigari ndipo fujo ilipoanza. Watoto walitaka kujua nani anawalinda wale wachanga. Alipowaambia hakuna, na kwamba watu wa kule huamini mtoto akilala kwenye baridi anakuwa na afya, darasa zima likacheka, isipokuwa msichana mmoja aliyekasirika kabisa na kusema mama zao wangechapwa. Balozi hakucheka wala hakumkemea. Alimwambia kwamba hata yeye siku ya kwanza alisimama pale nje ya mgahawa akiwalinda, mpaka mama mmoja akatoka kumuuliza anataka nini na mtoto wake.

Jambo lililonishangaza siku ile ni jinsi alivyojua mambo ya watu wale. Alijua yule mwanamke wa mashuka anaumwa bega la kushoto, ndiyo maana mwenzake anashika upande mzito. Alijua yule mzee wa mbwa alianza kutoka asubuhi baada ya kufiwa na mke, zamani alikuwa akitoka jioni. Lakini nilipomuuliza mmoja anaitwa nani, hakujua. Nikamuuliza mwingine. Hakujua. Palikuwa na mwanamke wa kofia nyekundu aliyeonekana kwenye picha tatu, na muuza vitenge alikuwa ameshautangazia mtaa kwamba huyo ndiye mke wa Balozi, kamwacha huko na watoto. Nilimuuliza moja kwa moja, maana uvumi ulinikera. Alisema, "Alikuwa anapanda basi langu."

Mwaka uliofuata mama mmoja kutoka Vugiri, anayeteremsha makabichi na karoti kutoka mlimani kuja kuziuza sokoni kwetu, alimwomba achore soko. Alimwambia kama aliweza kuwachora Wazungu na barafu yao, sisi hatuwezi kumshinda. Balozi akakubali. Alikwenda asubuhi kadhaa na kigoda chake, akakaa pembeni karibu na wauza dagaa, akachora. Tulikuwa tukipita nyuma yake kuchungulia, kila mtu anajitafuta.

Picha ilipokamilika aliipeleka mwenyewe. Nilikuwapo, nimekwenda kununua nyanya. Kila kitu kilikuwa sawasawa: mizani, magunia, turubai la buluu lenye kiraka, sweta la yule mama na kanga aliyojitanda juu yake. Ungeweza kuhesabu majani ya kabichi. Mama wa Vugiri akaitazama, akaisogeza mbali, akaitazama tena.

"Balozi," akamuuliza taratibu, "hapa soko limegombana?"

Hapo ndipo nami nikaona. Watu wote kwenye picha walikuwa wamesimama mbalimbali. Hakuna aliyemshika mwenzake mkono, hakuna aliyemtazama mwenzake, hakuna aliyefungua mdomo. Muuzaji alikuwa anatazama mizani na mnunuzi anatazama chini. Lilikuwa soko la Korogwe, lakini kama lingekuwa na baridi kali na watu wake hawajuani.

Balozi aliichukua akaenda kuirudia. Ya pili ikawa vilevile. Ya tatu aliichana kabla hatujaiona. Nilimkuta uani ameketi, mikono imejaa rangi, akaniambia, "Nawaona vizuri, mwalimu. Nikiwashusha kwenye karatasi wanageuka." Nilimwambia labda amechoka. Alisema labda. Picha ya kwanza alimpa yule mama bure, naye akaitundika nyuma ya meza yake ya mboga, na wateja wakiuliza anawaambia ni soko siku ile walipokuja watu wa ushuru.

Nilimwonea huruma siku zile. Nilidhani najua tatizo: mtu kakaa mno ugenini. Ni maelezo mepesi, na nilikaa nayo mpaka siku tulipomzika fundi baiskeli wa mtaani.

Tulikuwa tunarudi kutoka makaburini. Balozi alikuwa ameingia kaburini kupokea maiti, udongo umemjaa magotini. Kwa nia njema kabisa nikamwambia kwamba mama yake, huko aliko, bila shaka anafurahi kuwa na mtoto kama yeye. Alisimama akajifuta mikono.

"Mimi mama yangu sikumzika," alisema.

Akanisimulia tukiwa njiani, kwa sauti ileile anayoulizia bei ya sukari. Habari za kifo zilimfikia asubuhi akiwa Stockholm. Mkubwa wake wa kazi alimpa ruhusa papo hapo, wenzake wakamkatia tiketi, akafungasha begi, akaenda uwanja wa ndege. Kwao Handeni walikuwa wamekwisha kuarifiwa kwamba anakuja. Alikaa pale akingoja. Abiria wakaitwa, wakasimama, wakajipanga, wakaingia. Yeye hakusimama. Ndege ilipoondoka alichukua begi lake akapanda treni kurudi mjini. Siku hiyo jua lilikuwa limetoka kwa mara ya kwanza baada ya majira marefu ya giza, na watu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi. Akakaa benchi la ng'ambo, akatoa karatasi, akachora mpaka jua lilipoondoka.

Nilimuuliza kwa nini hakupanda ndege.

"Ningejua ningekwambia. Sikuwa naumwa. Sikuogopa. Nilimpenda mama yangu. Niliona watu wanasimama, nami sikusimama."

Huku nyumbani dada yake, aliyemtangulia kuzaliwa, ndiye aliyekuwa na maiti ndani. Sisi Waislamu hatumlazi maiti bila sababu, lakini yeye alimbembeleza shehe wangoje, akisema mdogo wangu yuko angani, mdogo wangu anakaribia. Maiti ikalala. Kesho yake wakangoja tena mpaka alasiri, watu wakaanza kunung'unika, ndipo wakamzika. Balozi hakuja hata kwenye arobaini. Alirudi nchini baada ya kustaafu, akaenda Chanika, pale Handeni mjini, ambako dada yake anaishi. Dada akamtazama, akaingia ndani, akaendelea na kazi zake kama vile hakuna mtu uani. Ndipo akaja kununua nyumba kwetu Korogwe, mahali ambapo si kwao na si mbali na kwao.

Nilifika nyumbani nikakaa. Nilifikiria ile picha ya mabenchi, jinsi nilivyowapanga wanafunzi wangu mbele yake na kuwaambia waone uzuri wa mwanga kwenye nyuso. Nilimkasirikia, kisha nikaona hasira yangu haina haki, mama hakuwa wangu. Kesho yake asubuhi alinitumia ujumbe kuniuliza kama nina nafasi ya kahawa. Nikaenda. Nilikaa kwenye kiti kinachoipa mgongo picha ile.

Miezi ilipita. Siku moja aliniomba nimsindikize Chanika. Alisema dada yake ni mtu wa heshima, mbele ya mgeni hatamfukuza. Alikuwa amezishusha baadhi ya picha kutoka ukutani na kuzifunga kwenye shuka jeupe, ile pana ikiwemo. Nilimuuliza anataka kufanya nini nazo. Akasema anataka dada aone alikokuwa.

Tulimkuta dada yake uani, amekaa kwenye mkeka anachambua choroko kwenye ungo. Uwanja ulikuwa umefagiliwa hadi chini ya michongoma. Balozi akavua kofia.

"Shikamoo, dada."

Bibi hakuinua macho. Nami nikamwamkia. Aliitika vizuri, akaniita mwanangu, akanisogezea kigoda, akauliza watoto wangu hawajambo. Balozi akakaa chini, kwenye ngazi ya jiko. Choroko zikaendelea kuchambuliwa. Mwishowe akalifungua lile shuka na kuziweka picha kwenye ncha ya mkeka, akarudi kukaa.

Nilidhani bibi atazisukuma. Hakuzisukuma. Alipangusa mikono kwenye kanga, akaichukua ya kwanza, akaikunjia macho.

"Huyu nani?"

"Simjui, dada. Alikuwa anafua kwenye jengo letu."

"Na huyu wa kofia?"

"Simjui."

Akachukua ile ya mabenchi. Aliiweka mapajani kwa sababu ya ukubwa wake, akapitisha kidole juu ya nyuso zile, moja baada ya nyingine.

"Na hawa?"

"Siwajui," alisema Balozi. "Hiyo niliichora siku ya mama."

Kuku alikuja akadonoa choroko, bibi akamfukuza kwa mkono. Alikaa na picha ile mapajani. Uso wake haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo.

"Umewachora vizuri," akasema. "Hata kucha. Mama alikuwa na kovu. Lilikuwa wapi?"

Balozi akafungua kinywa. Kisha akaitazama mikono yake, ya kulia na ya kushoto, kana kwamba kovu lingeweza kuwa hapo. Bibi alimpa muda wa kutosha, kisha akasema basi. Akazipanga picha upya, akazifunga kwenye shuka kwa uangalifu, ncha kwa ncha, akamsogezea.

Hakutuacha tuondoke na njaa. Alisonga ugali, akapika mlenda, mimi akaniandalia mkekani na Balozi akampelekea sahani yake kule kwenye ngazi. Balozi alikula akamaliza. Tulipokaribia Korogwe ndipo aliposema, akilishika lile furushi, kwamba dada amelifunga shuka vizuri kuliko alivyolifunga yeye.

Baada ya siku hiyo alizishusha picha zote. Kuta zilibaki na madoa meupe ya mraba. Aliacha kuchora, ingawa msibani aliendelea kuja na kuosha masufuria. Watu waliniuliza Balozi kapatwa na nini, nami nikasema uzee. Kisha asubuhi moja nikaona ujumbe kwenye simu: dada anaumwa, nakwenda Chanika. Ufunguo wa nyumba alikuwa amemwachia muuza vitenge. Nilimtumia ujumbe mara kadhaa. Alijibu kwa adabu na kwa ufupi, kama kawaida yake, kwamba wanaendelea vizuri.

Mwaka jana nilipata semina ya kazi Handeni. Ilipoisha nilinunua sukari na sabuni nikaenda Chanika bila kumwarifu, maana nilijua nikimwarifu ataniambia nisijisumbue.

Sikumtambua mara moja. Mtu aliyekuwa uani alikuwa amevaa fulana na msuli, miguu mitupu, ndevu nyeupe, anakoroga uji kwenye sufuria na huku anabishana kwa Kizigua na jirani wa ng'ambo ya ua. Sikuwahi kumsikia akisema Kizigua hata neno moja. Alikuwa anacheka. Aliponiona alisema karibu mwalimu, ingia, akaendelea kwanza kumaliza ubishi wake.

Dada yake alikuwa ndani, kwenye kiti cha kuegemea karibu na mlango ili apate mwanga. Alikuwa amekonda sana. Nywele zake zilikuwa zimepakwa mafuta na kusukwa twende kilioni, mistari imenyooka, nikajua nani aliyeisuka. Nikamwamkia. Aliitika kwa furaha, akaniuliza mimi mtoto wa nani, na nilipomwambia natoka Korogwe alisema hospitali ya Korogwe wanafanya vizuri kuwatembelea wagonjwa majumbani. Sikumsahihisha.

Alininong'oneza nisogee. Alionyesha kwa kidevu kule uani.

"Yule mzee namshukuru sana. Sijui kaletwa na nani, lakini mikono yake misafi."

Balozi aliingia na bakuli, akakaa kwenye kigoda mbele yake, akapoza kijiko kwa pumzi. Bibi akala kimoja, cha pili, kisha akauzuia mkono wake.

"Mgeni hajasikia habari za mdogo wangu," akasema.

"Msimulie, bibi," alisema Balozi.

Akamwita bibi, si dada. Nilimtazama, yeye akaendelea kupoza kijiko.

Basi bibi akanisimulia. Mdogo wake yuko Ulaya, ana kazi kubwa, anavaa viatu vya kung'aa. Alikuwa mtoto mpole, akila anaacha kidogo kwa ajili ya mama. Mama alipokufa walimngoja. Yeye ndiye aliyemwambia shehe angoje. Watu wote walitazama barabarani. Aliyasimulia haya kwa mpangilio mzuri, kama mtu aliyeyasimulia jana na juzi, na kila alipofika mahali pa kuvuta pumzi Balozi alimpa kijiko, naye akameza.

"Ipo siku atakuja hapa mlangoni," bibi alimwambia yeye sasa, si mimi. "Usimfungulie."

"Sitamfungulia," alisema Balozi.

Alipotoka kuongeza uji nilimfuata jikoni. Nilimuuliza kwa nini hamwambii. Alichota uji, akafuta ukingo wa bakuli kwa kitambaa.

"Nilimwambia mwanzoni, hakuamini. Halafu kuna asubuhi moja alinijua mwenyewe. Akanitaja jina langu la utotoni." Akakikunja kitambaa. "Alifunga mdomo, mwalimu. Siku ile hakula, na usiku hakula, na kesho yake hakula mpaka aliponisahau tena."

"Na wewe je?"

"Mimi nini?"

Sikujua namna ya kulimalizia swali langu. Nilitaka kumuuliza kama hii ni adhabu au ni nini, kama anaumia au amepumzika, kama yule niliyemkuta anacheka uani ndiye yeye au wa Korogwe ndiye yeye. Kwa kuwa yalikuwa maswali mengi kwa pamoja, sikuuliza hata moja. Nilimwambia picha zake ziko salama, muuza vitenge haruhusu mtu kuingia. Alisema zikitakiwa na shule zichukuliwe, isipokuwa ile pana, hiyo hajui aifanyeje. Hata mimi sijui. Iko kwake mpaka leo, imegeuziwa ukuta, na kila nikipewa ufunguo nifungue madirisha hewa ipite naikuta hapo na kuipita.

Ndani bibi aliita. "Wewe mzee!"

Balozi akabeba bakuli, akaingia, akakaa mahali pake kwenye kigoda. Mimi nilibaki kizingitini na mkoba wangu begani, maana basi la kurudi Korogwe lilikuwa linakaribia kuondoka na nilikuwa nataka kuaga. Bibi alimtazama usoni kwa muda, macho kayakunja, nami nikaona mkono wa Balozi wenye kijiko umesimama hewani.

"Umefunga mlango?" bibi akamuuliza.

Mlango ulikuwa wazi, na mimi nimesimama katikati yake.

"Nimefunga," alisema Balozi.

Bibi akafungua kinywa, akala.